Rangi Kabla ya Kuchomelea

Jirani zangu, haya ninayowaeleza hayakuwapata watu wabaya. Yalitokea katika nyumba yenye amani, na ndiyo maana nataka tuyatazame vizuri.

Katika nyumba hiyo aliishi mshonaji nguo, mumewe ambaye alikuwa fundi wa kupaka magari rangi, na mama mkwe aliyepatwa na kiharusi upande wa kulia. Mume huyo mtaani walimwita Msasa, kwa sababu mikono yake haikukosa vumbi la kusugua bodi. Kila Jumanne na Ijumaa mshonaji alifunika cherehani, akampakia mama mkwe kwenye kigari chao kidogo na kumpeleka kliniki ya mazoezi ya viungo. Ilikuwa kazi ya polepole lakini ilizaa matunda. Bibi alishaanza kutoka kitandani hadi mlango wa jikoni bila kushikwa, na vidole vyake vya kulia vilianza kukamata shuka.

"Mwanangu," alimwambia mkwewe, "mvua zikiisha nitakwenda dukani peke yangu, nawe utabaki unanitafuta."

"Nenda tu, mama. Nitajua kwa kelele zako na muuza duka."

Sasa, uani kulikuwa na pikapu kuukuu ya marehemu baba yake Msasa. Ilitembea, lakini mbele ilikuwa na springi za kizamani zilizowarusha abiria mpaka vichwa vikagonga paa. Msasa akapata wazo la kung'oa miguu yote ya mbele ya gari dogo, yaani vyuma vinavyoshika magurudumu, pamoja na springi na mkono wa usukani, aichomelee kwenye pikapu ipate kwenda laini. Wazo lenyewe halina ubaya, mafundi hulifanya. Ubaya ulikuwa kwenye gari alilolichagua. Mshonaji alirudi kutoka kununua uzi akakuta kigari chao kimeinama juu ya matofali, mbele hakina kitu.

"Baba watoto, umefanya nini? Ijumaa nitampeleka mama na nini?"

"Wiki moja tu. Mama atakwenda kliniki kifalme, watu watageuka kutazama."

Mnasikia neno hilo? Watu watageuka kutazama. Hapo ndipo ugonjwa ulipokuwa.

Wiki moja ikazaa nyingine. Mshonaji aliomba lifti kwa majirani mpaka akaona haya. Teksi hawakuimudu, maana kila kilichoingia kilimezwa na pikapu. Akajaribu kumnyoosha bibi viungo mwenyewe kitandani, lakini hakufundishwa kazi hiyo. Taratibu bibi akaacha kufika mlango wa jikoni. Mshonaji aliliona hilo kila asubuhi na likamuuma sana.

Hatimaye mchomeleaji akaja. Akaiweka miguu ile mahali pake, akaishikiza kwenye fremu kwa nukta chache za moto, kama mshonaji anavyopiga bandi kabla ya kushona.

"Hizi ni za kushikilia tu," alimwambia Msasa. "Nakwenda kumaliza kazi ya geti la watu. Nikirudi tutapima kama magurudumu yamekaa sawa, ndipo nichomelee yote. Usiitoe nje."

Alikawia. Msasa akashindwa kukaa mikono mitupu. Akasugua, akapaka rangi bodi nzima, kisha akaingia chini akapaka na fremu, nyeusi inayong'aa, hata zile nukta zikapotea. Majirani wakaja kushangaa. Kichwa kikavimba. Mchomeleaji alipopiga simu kwamba yuko njiani, mshonaji alimsikia mumewe akijibu, "Uje uniunguzie rangi? Miguu imeshakaza, acha tu."

"Fundi amemaliza?" mshonaji akauliza.

"Amemaliza."

Mshonaji alisita. Lakini ilikuwa Ijumaa, na bibi alikuwa na wiki nyingi hajaenda kliniki. Akamvalisha, wakamkalisha katikati yao. Bibi alicheka aliposikia gari linavyokwenda laini. Msasa akapita njia ndefu, ile yenye maduka, ili waonekane.

Kwenye tuta la mbele ya kinyozi, nukta zikaachia. Gurudumu la kushoto likajikunja chini ya gari na pikapu ikaangukia pua. Mwendo ulikuwa mdogo, hakuna aliyekufa. Ila bibi, kwa kujikinga, alitanguliza mkono wa kulia, ule uliokuwa umeanza kuamka. Ukavunjika kifundoni.

Mchomeleaji aliposikia alifika, akachungulia chini, akafuta rangi kwa kidole na kutikisa kichwa. "Si nilikuambia?"

Hospitali walisema mazoezi ya mkono yasubiri mfupa uunge. Mfupa uliunga, lakini muda ulikuwa umekwenda, na mguu ulikuwa umekaza kwa kulala. Hadi leo bibi anasukumwa kwenye kiti cha magurudumu, na anayesukuma ni mshonaji.

Siku ile wodini Msasa alipiga magoti kando ya kitanda akilia kama mtoto.

"Nisamehe, mama. Nilitaka upande gari zuri."

Maneno yalimtoka bibi kwa shida.

"Mimi nilitaka kutembea, mwanangu."

Funzo

Jirani zangu, Msasa alimpenda mama yake, msidanganyike. Lakini alipenda zaidi kusifiwa, akachukua kilichomsaidia mgonjwa akakigeuza pambo. Mwenye mgonjwa nyumbani aulize kwanza mgonjwa anahitaji nini, si yeye anataka aonekane vipi. Na fundi akikuambia kazi haijaisha, msubiri. Mke naye akishuku, asipande, wala asimpandishe mtu. Sifa za majirani hudumu mpaka kwenye tuta la kwanza, baada ya hapo unabaki na mgonjwa wako.