Cheti Changu Ukutani Kwako

"Mama, hizi dawa nani kakupa?"

Muuguzi alikuwa ameshika kibahasha cha vidonge, anakigeuzageuza mbele ya macho ya mgonjwa. Mama mwenyewe alikuwa amelala chali, dripu mkononi, midomo imemkauka. Alikuwa ametapika damu tangu alfajiri mpaka majirani wakamkimbiza hospitali.

"Za magoti hizo," mama akajibu kwa sauti ya chini. "Nimezinunua dukani kwa mwanangu."

"Na ile dawa yako ya kuzuia damu isigande, uliendelea kuinywa?"

"Niiache vipi, na nilionywa nisiikose hata siku moja?"

Muuguzi akaguna. Akamgeukia mwanamke aliyesimama miguuni mwa kitanda, koti jeupe, uso umemsawajika.

"Dokta, mtu wa dawa ni wewe. Hebu ona mwenyewe."

Mwanamke huyo alikuwa mfamasia wa hospitali ile ile. Pale dirishani watu walimwita Dokta. Mtu mmoja tu duniani alimwita Dozi, naye ni mchumba wake, mtoto wa mama huyu huyu aliyelazwa. Siku ya kwanza alimwambia, "Wewe ndiyo dozi yangu, nikikukosa siku moja ugonjwa unanirudia." Jamani, ukiambiwa hivyo na mwanaume unayempenda, utafanyaje? Utacheka, utaona haya, na jina litakuganda. Basi na sisi tumwite Dozi.

Dozi akakipokea kile kibahasha. Ilikuwa dawa kali ya maumivu, ambayo mtu anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda hatakiwi hata kuinusa, maana zikikutana tumboni damu inavuja bila breki. Mfamasia yeyote angemuuliza mama swali moja kabla ya kumpa: unatumia dawa nyingine yoyote?

Akageuza upande wa pili. Palikuwa na stika ya duka, na chini yake maneno: Mfamasia Msimamizi. Halafu jina lake yeye, kamili, pamoja na la baba yake.

Akalisoma mara mbili.

"Mama, nani alikuhudumia?"

"Yule msichana, binamu ya mwanangu, anayeuza pale."

"Hakukuuliza kitu?"

"Niliyeuliza ni mimi. Nikamwambia, mwanangu, mimi nina dawa yangu ya damu, hii haitanidhuru? Akasema Dokta ameshaikubali. Nikatazama ukutani, nikaona cheti chako na picha yako."

Mama akameza mate kwa shida.

"Si wewe ulinikataza nisinywe kitu chochote bila kukuuliza? Basi nikaona nimeshakuuliza."

Dozi alitoka wodini bila kuaga. Alifika kwenye korido akaegemea ukuta.

Sasa hicho cheti kilifikaje huko, na mwenyewe anafanya kazi hospitali? Sheria ya dawa haina maneno mengi. Duka halifungui mlango bila mfamasia aliyesajiliwa. Cheti chake kinatundikwa mteja anapokiona. Mfamasia mmoja ni wa duka moja, na lazima awepo yeye mwenyewe dawa zinapouzwa, si picha yake. Dozi aliyajua hayo kuliko anavyoijua njia ya kwao.

Lakini mchumba wake alikuwa Chapchap. Mtaa mzima ulimwita hivyo kwa sababu hakuwahi kusubiri kitu maishani. Alikula chapchap, alitongoza chapchap, na duka alilifungua kabla hajampata mfamasia. Akaja kwa Dozi na maneno laini: "Ni kwa muda tu, Dozi wangu, mpaka nipate mfamasia wangu. Kwani duka si letu sote? Mtu mwenye akili kama wewe, jina lako tu linatosha kuponya watu." Alimvisha kilemba cha ukoka, naye Dozi akakikaza vizuri kisidondoke. Akasaini. Akampa. Ule muda tu ukaota mizizi, na harusi ikapangwa juu yake.

Simu ikaita. Chapchap.

"Mama anaendeleaje?"

"Wanamwongezea damu. Binamu yako kampa dawa ya maumivu juu ya dawa yake. Chapchap, mama yako nusura afe."

Chapchap akashusha sauti:

"Hospitali wamesharipoti?"

"Umeniuliza nini?"

"Nauliza kama habari imeshafika kwa wakaguzi."

"Imefika. Ni lazima ifike."

"Basi nisikilize, Dozi wangu. Mkaguzi akija, sema siku ile ulikuwepo dukani. Ulitoka kidogo tu kwenda kula, binamu akateleza. Basi."

"Nilikuwa hapa dirishani kutwa nzima! Foleni ilifika mpaka getini."

"Nani ataikumbuka foleni? Wakijua huwa huji dukani, wananifungia, na mimi napandishwa kizimbani. Harusi tutafunga wapi, rumande?"

"Na mimi nikisema nilikuwepo?"

"Wewe watakuonya tu. Umesoma, wanakuheshimu. Nakuomba, mpenzi. Nakuomba kama mume wako."

Kama mume wako. Hapo ndipo alipompatia. Dozi alimpenda yule mwanaume, tusidanganyane. Alimpenda mpaka akawa anajua hatua zake akiwa bado yuko nje ya mlango. Akafuta machozi kwa mkono wa koti.

"Nitafikiri," akasema.

Siku iliyofuata alimpelekea mama uji. Mama alikuwa amekaa, rangi imeanza kumrudia. Alikunywa kidogo, akaweka kikombe pembeni, akamshika mkono.

"Mwanangu kanipigia."

"Najua, mama."

"Beba wewe, binti yangu."

Dozi alidhani hakusikia vizuri.

"Nibebe nini?"

"Hili jambo. Wewe una shule, una hospitali kubwa nyuma yako. Yeye ana kale kaduka tu. Akikapoteza, mwanangu ataharibika."

"Mama, ulikaribia kufa!"

"Lakini sikufa."

"Mfamasia akinyang'anywa leseni hana hospitali, mama. Hana kitu. Nitakuwa kama sikuwahi kusoma."

"Utaolewa. Atakutunza."

Mama akageukia ukutani, mabega yakaanza kumtetemeka. Dozi alitaka kukasirika, akashindwa. Mama alimlilia mtoto wake, basi. Akamfunika shuka vizuri, akachukua kikombe, akaenda kukiosha huku analia na yeye.

Mchana ujumbe ukaingia.

"KAJA. Njoo chapchap. Sema tulivyokubaliana. Nakupenda sana Dozi wangu."

Akaomba ruhusa, akaenda. Na nisikufiche: alikwenda akiwa ameshaamua kudanganya. Njia nzima alikuwa anajifundisha sentensi moja, nilitoka kula, nilitoka kula, kama mtoto aliyetumwa dukani anayeogopa kusahau.

Duka lilikuwa limefungwa nusu mlango. Ndani, mkaguzi alikuwa amekaa kwenye stuli ya wateja, mama wa makamo, miwani imeshuka puani, kalamu mkononi. Binamu alisimama kwenye kona anatafuna kucha. Chapchap alikuwa nyuma ya kaunta, shati limeloa jasho. Juu yake, kwenye fremu ya kioo, Dozi mwenyewe alikuwa anatabasamu.

"Karibu," mkaguzi akasema. "Cheti kile ni chako?"

"Ndiyo, mama."

"Mwenye duka ameshanieleza. Anasema siku ile ulikuwa zamu wewe. Huyu binti akakuita, akakwambia mgonjwa anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Ukajibu, haina shida, mpe tu. Ndivyo ilivyokuwa?"

Dozi akamtazama Chapchap. Chapchap akatazama rafu za dawa za kikohozi.

"Mpe tu?" Dozi akarudia polepole.

"Ndivyo alivyosema."

"Lakini tulikubaliana niseme nilitoka kula!"

Maneno yalimponyoka kabla hajayakamata. Binamu akaacha kutafuna kucha. Mkaguzi akavua miwani.

"Mlikubaliana?"

"Dozi!" Chapchap akaita, sauti imempasuka.

"Usiniite! Mimi nimekuja hapa kukudanganyia. Nilikuwa tayari kuonekana mzembe kwa ajili yako. Kumbe wewe ulishaniuza kabla sijafika? Unataka niandikwe kwamba nilijua, na bado nikampa mama yako afe?"

"Nilichanganyikiwa, mpenzi. Aliniuliza ghafla..."

"Binti," mkaguzi akaingilia, si kwa ukali. "Kabla hujaendelea, jua unapokwenda. Ukisema hukuwepo, yeye ana kesi ya kuendesha duka bila mfamasia. Lakini na wewe hutoki salama. Umeacha cheti chako kifanye kazi ambayo ni yako. Ulimkodishia?"

"Sikumkodishia. Nilimpa."

"Kwa sheria ni lile lile."

"Najua."

"Kwa nini ulimpa?"

"Nilimpenda."

Mkaguzi akaitazama karatasi yake.

"Hilo sina mahali pa kuliandika," akasema.

Dozi akasema yote. Kwamba siku ile alikuwa hospitali, na siku nyingine zote vilevile. Kwamba binamu hana hata cheti cha kuuza pipi. Kila neno alilotoa aliona linamvua koti lake jeupe. Alipomaliza, mkaguzi alipanda stuli mwenyewe, akakishusha cheti, akakitia kwenye mkoba wake.

"Umeniua," Chapchap akamwambia Dozi. "Ungenipenda kweli ungenyamaza."

"Nikuulize kitu kimoja. Ningekuwa mwalimu, au fundi cherehani, ungenichumbia?"

Mtu wa chapchap, aliyekuwa na jibu la kila kitu, siku hiyo alilitafuta kwenye rafu za dawa. Halafu akasema:

"Sasa hayo yanahusiana nini na duka?"

Dozi akatoka. Njia nzima ya kurudi hakuona mtu wala gari.

Leseni yake ikasimamishwa. Hospitali ikamshukuru kwa utumishi wake, ile shukrani unayopewa ukiwa umeshaonyeshwa mlango. Duka likatiwa makufuli, Chapchap akatozwa faini, na harusi ikafa yenyewe bila mtu kuitangaza. Dozi akahamia kwa dada yake mwenye saluni, akawa anafua taulo na kuosha wateja nywele. Hata huko hakuacha. Kabla ya kumpaka mteja dawa ya nywele alimuuliza kama kuna kitu kinamdhuru, mpaka dada yake akamtania, "Wewe, hapa si hospitali, unanitishia wateja!"

Sasa niseme lile linaloniuma mimi msimuliaji. Pamoja na yote, alikuwa bado anamsubiri. Pete alikuwa ameiviringisha kwenye leso, ameificha chini ya nguo. Simu ikitetemeka, moyo unatangulia. Alijiambia kwamba Chapchap aliogopa tu, kwamba mtu akiogopa anaweza kusema lolote, na hofu ikiisha atarudi. Alitunga hata maneno ya kumsamehe nayo.

Asubuhi moja, akiwa anafua taulo, ujumbe ukaingia kutoka namba asiyoijua.

"Shikamoo dada. Samahani hunijui. Namba yako nimepewa na mama yake Chapchap, kasema nisifanye lolote kabla sijakuuliza wewe."

Dozi akaacha taulo kwenye beseni. Ujumbe mwingine ukafuata.

"Mimi ni mfamasia, nimesajiliwa juzijuzi tu. Chapchap ni mchumba wangu. Anafungua duka jipya kwa jina la kaka yake, kaniomba cheti changu kikae pale. Anasema ni kwa muda tu, mpaka apate mfamasia wake. Mama akasikia, akaanza kulia. Dada, kuna nini?"

Dozi akakaa chini, pale pale kwenye maji ya sabuni. Akaandika mengi, akafuta. Akaandika tena, akafuta. Mwisho akauliza kitu kimoja tu.

"Anakuitaje?"

Jibu likaingia.

"Mbona swali la ajabu dada, hata naona haya. Ananiita Dozi."

Hapo ndipo kitu kilipokatika ndani yake. Hakikukatika siku ya mkaguzi wala siku ya leseni. Kilikatika hapo, kwa sababu hata lile jina, kitu pekee alichodhani ni chake, lilikuwa linatundikwa kwa yeyote mwenye cheti. Aliziba mdomo kwa taulo bichi, akalia mpaka dada yake akatoka saluni mikono ina povu.

Kisha akapiga ile namba.

"Haloo? Dada?" Sauti ilikuwa changa, na nyuma yake honi za magari.

"Cheti kiko wapi?"

"Ninacho hapa mkobani. Ndiyo nampelekea."

"Umesaini chochote?"

"Bado."

"Sikiliza, mdogo wangu. Geuka, rudi nacho nyumbani. Nielekeze unapokaa, nakuja nikusimulie kila kitu kwa mdomo wangu."

"Dada... unalia?"

"Ndiyo, nalia. Wewe geuka, urudi nyumbani."