Sauti Kwenye Benchi la Tatu

Asubuhi hiyo ndege hawakulia. Katika shamba lile la kale kando ya mto, lenye jumba la ghorofa lililoota kuvu na njia za miguu zilizopita msituni, ndege kunyamaza alfajiri ni sawa na soko kukosa watu. Wageni wanne, darubini shingoni, walimtazama mwongozaji wao kana kwamba yeye ndiye aliyewaficha.

Jina lake la kazi lilikuwa Mluzi. Ndege akilia bila kuonekana, yeye humwiga kwa mluzi, ndege akadhani kaingiliwa kwake, akajitokeza kifua mbele kutafuta ugomvi. Kwa miaka kumi na moja hakuwahi kushindwa, na jambo hilo lilimvimbisha kichwa kidogo.

Walipofika benchi la tatu, penye matete, kitu kikalia: milio miwili mifupi, mmoja mrefu unaoshuka. Mluzi hakuutambua. Angesema tu, "Huyu simjui," yangeisha. Lakini mbele ya wageni? Akabana midomo, akajibu. Matete yakatikisika, harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji ikawapita, na hakutoka ndege yeyote.

Kwenye nyumba za wafanyakazi, nyuma ya jumba, binti yake wa miaka sita aliamka sauti imemkauka. Walimwita Kasuku, maana hata usingizini aliongea. Jioni akawa ananong'ona. Kesho yake mdomo ulifunguka, ulimi ukacheza, sauti hakuna. Daktari akamulika koo, akasema ni zima kabisa.

"Mtoto niliyekuwa namwomba anyamaze!" mama yake alilia. "Leo anitukane tu, nitafurahi."

Siku ya tatu mgeni mmoja akamgusa Mluzi begani. "Kuna mtoto kule kwenye matete. Anaongea peke yake."

Mluzi akatega sikio. Ilikuwa sauti ya Kasuku, aliyemwacha kitandani, ikisimulia jinsi mwanasesere wake alivyokataa kuoga.

Hakumaliza ziara. Alivuka mto hadi kwa mganga, bibi mmoja msuka mikeka, akamweleza yote. Bibi hakuacha kusuka.

"Ulimjibu, mjukuu wangu. Jini ukimjibu mara ya kwanza, huchukua sauti ya umpendaye. Ukiijibu sauti hiyo, humchukua na mwenye sauti."

"Sasa nifanye nini, bibi?"

"Kesho alfajiri kaketi pale pale. Ataita kwa sauti ya mtoto. Nyamaza mpaka jua liguse maji, atachoka, atairudisha. Na mkeo mwambie leo hii. Wa nyumba yako yeyote asiitike. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Nitamwambia, bibi."

Hakumwambia. Alianza mara mbili, akaishia kuulizia chumvi. Angemwambiaje mwanamke yule, macho yamemvimba kwa kulia, kwamba sauti ya mwanawe imekwenda kwa sababu baba mtu alitaka kujionyesha kwa wageni? Akajiambia atamweleza kesho, mambo yakishapoa.

Alfajiri alinyata akatoka, akaketi kwenye benchi la tatu, kitambaa kimejaa mdomoni. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mto. Harufu ya majivu ikaja kwanza.

"Baba."

Akauma kitambaa.

"Baba, miguu yangu imelowa, baba, kuna mtu amenishika mkono na mkono wake hauna vidole, njoo unibebe, mbona unaniangalia tu, baba, nimekukosea nini, sitaongea tena usiku, naapa sitaongea tena," na sauti ikawa inasogea, sasa mbele ya matete, sasa chini ya benchi, sasa sikioni kabisa, pumzi ya baridi ikimlowesha shingo, naye akilia machozi mpaka kitambaa kikawa na ladha ya damu, mikono imeng'ang'ania ubao, moyo ukimwambia jibu, jibu, huyo ni mwanao, na bado hakujibu.

Kisha ikakatika ghafla. Muda mrefu ukapita kimya, hatimaye jua likagusa maji, na ndege wa kwanza akalia. Halafu wa pili, halafu msitu mzima. Mluzi akatema kitambaa, akacheka kwa sauti. Amemshinda! Akakimbia nyumbani kwa njia ya mkato, kupitia bustani ya jumba.

Mkewe alikuwa mlangoni, uso unang'aa.

"Amesema!" akapiga kelele. "Baba Kasuku, mwanetu amesema! Jua lilikuwa bado, niko jikoni, nikasikia huko nje, 'Mama!' Sauti yake ile ile!"

Mluzi akasimama. "Ukafanyaje?"

"Nikafanyaje tena? Nikaitika! 'Naam, mwanangu!' Nikasikia mlango, nikasikia vimiguu vyake vinakimbia."

"Yuko wapi?"

"Si kaja kukupokea huko mtoni. Kwani hamkupishana?"

Alikuwa bado anatabasamu, mwiko mkononi, akingoja mumewe afurahi.