Mbegu za Georgina Zilizopita Kwenye Mashine

Siku Georgina aliporudi Nshamba kutoka Dar es Salaam, nyumba ilijaa watu. Wengine walikuja kumsalimu. Wengine walikuja kusikia habari za mkwewe wa huko mjini, aliyekuwa amekwenda kumtembelea. Mumewe, Rutaihwa, aliosha vikombe mwenyewe, na hilo nalo likawa habari.

Georgina akatoa kitambaa mkobani. Ndani kulikuwa na mbegu za maharage yenye madoa mekundu, alizoachiwa na marehemu mama yake.

"Waitu! Ulisafiri na mbegu?" akauliza jirani yake, Mama Kahangwa.

"Ningeziacha hapa, Rutaihwa angezipika."

Watu wakacheka. Rutaihwa naye akacheka.

"Na pale uwanja wa ndege, mkoba ulipita kwenye mashine ya kukagua mizigo?" akauliza tena Mama Kahangwa.

"Ulipita. Wanaona mpaka sindano."

Mama Kahangwa akaweka kikombe chini. "Basi zimekufa hizo. Mashine ile ina mionzi. Hazitaota. Na zikiota, zitatoa majani kama masikio ya mbuzi."

"Basi tuzipike," akasema Rutaihwa.

"Uzile ufe?"

Kicheko kikaisha. Mvua zilikuwa zimeanza, na Georgina hakuwa na mbegu nyingine. Asubuhi alizibeba hadi kwenye shimo la taka nyuma ya kibanja, shamba lao la migomba. Mkono ukagoma kutupa. Akaenda kwa Hellen, bibi shamba wa kata.

Hellen alimsikiliza mpaka mwisho. "Mama, ukimulika chupa kwa tochi, kisha ukaizima tochi, mwanga unabaki ndani ya chupa?"

"Haubaki."

"Na mionzi ile haibaki ndani ya mbegu. Inapita tu. Tena ni kidogo mno. Mionzi mikali ndiyo huharibu: mbegu haioti, au mche unadumaa. Ya mashine ya mizigo haifiki huko. Hata ukizipika zinalika, ila usimwambie mzee."

Georgina akacheka, mara ya kwanza tangu jana.

"Lakini usiniamini kwa maneno. Chukua mbegu kumi zako, na kumi ambazo hazijaona mashine. Zifunge kwenye vitambaa viwili vyenye unyevu. Visikauke, visiloe chapachapa."

Mama Kahangwa alileta zake kwa majigambo. "Hizi hata umeme hazijauona!"

Kila asubuhi majirani walipita kuchungulia. Baada ya siku chache Hellen akaja, vitambaa vikafunguliwa mbele ya wote. Mbegu za Georgina zilikuwa zimetoa mizizi myeupe, zote isipokuwa moja. Za Mama Kahangwa ziliota tatu tu. Nyingine zilikuwa na ukungu.

"Ulizihifadhi wapi?" akauliza Hellen.

"Kwenye ndoo. Niliifunga vizuri kabisa."

"Zilikuwa zimekauka?"

Mama Kahangwa akatazama dari. "Mvua ilinikuta nikianika."

"Basi zimeuawa na unyevu. Anika mpaka ukiing'ata mbegu jino lisiingie. Ndipo ufunge."

Georgina akachota mbegu zake, akampa jirani yake. "Ukiogopa masikio ya mbuzi, rudisha."

"Nani kasema hayo?" Mama Kahangwa akazifunga haraka kwenye pindo la kanga.

Maharage yaliota mistari mizima chini ya migomba, majani yake kama ya miaka yote. Baada ya kuvuna, Georgina alianika, akang'ata, akachagua za kupanda na kuzifungia kabatini.

"Haya," akamwambia Rutaihwa, huku nyumba imejaa watu tena. "Zilizobaki, pika."