Salamu Zilizotiwa Sukari

Kila siku akitoka shule, Chiriku alipitia nyumbani, akala, akachukua chupa ya chai na vikombe viwili, kisha akaenda kwenye karakana ya baba yake, fundi seremala. Jina la Chiriku alipewa na kaka yake tangu utotoni, kwa sababu alianza kuongea asubuhi hata kabla hajafumbua macho. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina lilikuwa halijamtoka.

Zamani baba na kaka walifanya kazi bega kwa bega, wakitaniana mchana kutwa. Sasa baba alikuwa ndani, karibu na dirisha, na kaka alikuwa amehamishia benchi lake uani. Ilikuwa wiki ya tatu hawasemeshani.

Ugomvi wenyewe ulianza kwa neno moja. Mteja mmoja, mwalimu aliyetaka kabati la vitabu, alimuuliza kaka jinsi droo zitakavyokaa. Kabla kaka hajajibu, baba alidakia, "Niulize mimi, mwalimu. Huyu mtoto bado anajifunza." Huyo mtoto alikuwa na miaka ishirini na minne na ndevu za kutosha. Kaka alinyamaza, na tangu siku hiyo mbele ya baba alisema "Shikamoo" tu. Baba alijibu "Marahaba," na mazungumzo ya siku nzima yakaishia hapo.

Lakini kazi haiendi bila maneno. Basi wakamfanya Chiriku mjumbe.

"Mwambie kaka yako meza yake imesimama kama mlevi," baba alisema siku ya kwanza. "Arekebishe miguu."

Chiriku alitoka uani. "Baba anasema meza inapendeza, ila uitazame kidogo miguu."

Kaka aliinama, akapima. "Kweli, mmoja umezidi. Mwambie nimeuona. Na mwambie mbao alizoleta juzi hazifai hata kwa kuni."

Chiriku alirudi ndani. "Kaka anasema asante, ameuona. Halafu anaomba siku nyingine mkachague mbao pamoja."

Baba aliguna, lakini uso wake ulilegea. Chiriku akaona kumbe kazi hii ni rahisi! Siku zilizofuata akazidi kutia sukari. Alipeleka samahani ambazo hakuna aliyeziomba na sifa ambazo hakuna aliyezitoa. Siku moja alimwambia baba, "Kaka anasema hajawahi kuona fundi anayepiga randa kama wewe." Jioni ile baba alipiga randa huku akiimba. Chiriku alitembea kifua mbele. Aliamini kwamba siku mbili tatu zijazo wangepatana kabisa.

Alhamisi moja, kaka alimwita nyuma ya rundo la mbao. Safari hii hakuwa na utani.

"Sikiliza vizuri. Kuna kiwanda cha samani katika mji mwingine, wameniita kazini. Wana mashine ambazo mimi nimeziona kwenye picha tu. Wanataka jibu kesho. Mwambie baba naomba ushauri wake."

"Kwa nini usimwambie mwenyewe?"

Kaka alijikuna shingo. "Nitaanzia wapi? Hata habari za asubuhi hatuulizani."

Chiriku alishtuka. Kaka aondoke? Nani atamsaidia hesabu? Nani atamcheka akianguka, kisha amwinue? Aliingia ndani, akasimama mbele ya baba.

"Haya, anasemaje?" baba aliuliza.

"Anasema... anasema gundi inakaribia kwisha."

"Mwambie ipo kwenye kabati."

Chiriku alitoka. Alijua kwamba kaka hajawahi kumkaidi baba katika jambo kubwa. Akapiga moyo konde. "Baba anasema usiende."

"Hivyo tu? Hakuuliza hata ni kazi gani?"

"Amesema usiende tu."

Kaka alibaki akimtazama. Chiriku alitarajia atanuna, kisha atarudi kwenye meza yake. Badala yake alivua aproni, akaitandaza juu ya benchi, akaanza kupanga juu yake patasi zake, moja baada ya nyingine.

"Kwake mimi bado mtoto wa kuambiwa kaa, nikakaa," alisema taratibu. "Kesho asubuhi napanda basi." Akafunga aproni, akaibeba kwapani, akatoka kwa mlango wa uani.

Baba alimwona kupitia dirishani. "Kaka yako anakwenda wapi na vifaa vyake?"

Hapo machozi yakamtoka Chiriku. Akasema yote: kiwanda, ushauri ulioombwa, jibu alilolitunga. Baba aliweka randa chini, akaketi juu ya kigoda.

"Na zile samahani?"

"Ni zangu, baba."

"Zote?"

"Zote."

"Na lile la kupiga randa? Kwamba hajaona fundi kama mimi?"

Chiriku aliinamisha kichwa. "Nalo pia."

"Kumbe," baba alisema kwa sauti ndogo. "Lile nililipenda sana." Kisha akasimama, akajikung'uta vumbi la mbao. "Twende nyumbani. Wewe utasema yako, na mimi nina yangu."

Nyumbani walimkuta mama amesimama mbele ya mlango wa chumba cha kaka, mikono kiunoni, asielewe kinachoendelea. Ndani kulisikika zipu ya begi. Mlango huo baba aliutengeneza mwenyewe, na miaka yote aliusukuma tu na kuingia. Leo aligonga.

"Hodi."

Zipu ikasimama. "Karibu," kaka alijibu, kwa sauti ya mtu asiyeamini masikio yake.

Chiriku ndiye aliyeanza. Alisema yote, hakuficha hata neno moja. Kaka alikunja uso, akafungua mdomo ili amkaripie, lakini baba akainua mkono.

"Ana kosa, na atalisikia. Ila kosa lilianza kwangu. Nilikuvunjia heshima mbele ya mteja. Jibu la zile droo ulikuwa nalo, nami nilijua unalo. Nisamehe."

Kaka alitazama sakafu. "Nami nisamehe, baba. Nilijua meza imepinda. Niliiacha makusudi ili uje uani kunigombeza mwenyewe."

Baba alicheka mpaka akashika ukuta, na kaka naye akashindwa kujizuia. Kisha wakaketi kitandani wote wawili. Baba aliuliza mashine hizo zinakataje, zinapigaje msasa, na kaka akaeleza kwa mikono na vidole. Chai aliyowaletea mama ilipoa wakiongea.

"Sasa unanishauri nini?" kaka aliuliza hatimaye.

"Ukiniuliza kama baba, nitakwambia kaa, maana nyumba itanipwaya. Ukiniuliza kama rafiki..." Baba alivuta pumzi. "Nenda. Kajifunze nisichoweza kukufundisha."

Jumapili baba, mama na Chiriku walimsindikiza kaka hadi kituo cha basi. Walipokuwa wakirudi, Chiriku aliuliza, "Baba, kwani mzazi na mtoto wake mkubwa wanaweza kuwa marafiki?"

"Kuwa baba yake sikuhangaika," baba alijibu. "Alizaliwa tu, nikawa baba. Urafiki inabidi niutafute. Nimsikilize kama mtu mzima, na nikikosea nikiri. Nimechelewa kuanza, lakini naanza."

"Na mimi? Kosa langu je?"

Mama ndiye aliyemjibu, akimshika bega. "Ulitaka mema, mwanangu, lakini watu hawapatani kwa maneno ya uongo. Kila mmoja alikuwa akimpenda mtu uliyemtunga wewe. Ukitumwa, fikisha maneno kama yalivyo. Na ukiona ni machungu mno, kataa kutumwa. Tuambie sisi wakubwa twende tukasemezane wenyewe."

"Nikwambie ukweli mchungu hata wewe, mama?"

"Hata mimi."

Chiriku akasema, "Basi, mama, ukweli ni kwamba sipendi unaponisifia mbele ya wageni kama mtoto mchanga. Naona aibu."

Mama alisimama njiani, macho yakamtoka. Kisha akatabasamu, akamsogeza karibu yake. "Nimesikia," alisema. "Nieleze vizuri."