Safari ya Hapo Mbele Tu

Chiriku hakuwa na saa ya mkononi, hakuwa na kalamu isiyovuja, wala mwavuli. Subira ndiyo hakuwa nayo kabisa. Jina la Chiriku alipewa na shangazi yake kwa sababu ya maneno mengi. Mara tatu kwa wiki, kabla ya shule, alimsindikiza shangazi huyo, ambaye alikuwa mgonjwa wa figo, mpaka kituoni. Shangazi alipanda basi hadi stesheni, kisha treni hadi hospitali ya wilaya jirani.

Siku moja mwalimu wa jiografia aliwagawia wanafunzi fomu. Wilaya tatu, alieleza, zilitaka kupanga mabasi na treni zao kwa pamoja, ili abiria akishuka kwenye basi aikute treni inamngoja. Wanafunzi wasimame vituoni siku tano na kuandika kila abiria anakokwenda.

Chiriku akasimama kituoni kwao. Lakini watu wazima hawapendi kutangaza safari zao. Mama mwenye beseni alimjibu, "Hapo mbele tu, mwanangu." Seremala naye, hapo mbele tu. Mzee mmoja alimuuliza yeye ametumwa na nani. Kichwa kikamzunguka. Hapo mbele ni wapi? Siku ya pili alibaki nyumbani, akajaza "sokoni" mistari yote iliyosalia, akaipeleka fomu siku tano zilipotimia.

Baada ya miezi miwili ramani ya mpango ilibandikwa shuleni, wananchi watoe maoni kabla ya Ijumaa. Mistari ilipishana kama uzi uliochezewa na paka. Chiriku aliufuata wa kijani kwa kidole kutoka kituo chao. Ukaishia sokoni. Akaanza upya. Sokoni. Basi la stesheni halikuwepo.

Nyumbani, shangazi alikuwa ameshasikia. Alisema labda wataalamu wanajua wanachofanya, ila miguu yake haitamtoa sokoni hadi stesheni. Kisha akamtazama mtoto. "Leo chiriku amemeza jiwe?"

Chiriku aliitoa kalamu yake mfukoni. Hakuelewa jinsi kalamu inayovuja ilivyoweza kuhamisha basi zima.

Kesho yake alimweleza mwalimu kila kitu. Mwalimu aliuliza ni abiria wangapi aliowauliza kweli. Kumi na mmoja. Na wa kubuni? Mia mbili na tisa. Mwalimu akaipigia simu ofisi ya mipango, nayo ikakubali kuusimamisha mstari wa kijani mpaka ipate hesabu sahihi.

Alfajiri tatu mfululizo Chiriku alirudi kituoni. Safari hii alitangulia kusema yake: anamsindikiza shangazi yake anayekwenda hospitali. Mama mwenye beseni akatua mzigo. Kumbe mjukuu wake alilazwa huko huko. Watu wakafunguka mmoja mmoja. Zaidi ya nusu walikuwa wakienda stesheni. Waliokataa, aliwaandika kuwa wamekataa.

Mwalimu aliikagua fomu mpya, akamrudishia aitume mwenyewe, akasema, "Mpangaji wa mabasi hakioni kituo chenu, binti. Anaona ulichoandika. Ungeandika 'sijui' angekuja kuuliza mwenyewe. Uliposema uongo, alipanga basi la watu wasiokuwepo."

Chiriku aliiandikia ofisi ya mipango barua ya kueleza ipi ilikuwa fomu ya uongo na ipi ya kweli, akatia sahihi jina lake kamili. Shangazi aliisoma mara mbili, akaikunja pamoja na fomu. Chiriku akaifunga bahasha kwa gundi, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika, kisha akaitumbukiza kwenye sanduku la posta.