Kidole Kilichotulia

Jioni ile nilipanda mawe ya Pasiansi, nyumbani kwa bwana harusi, kwenda kupiga picha pete za harusi ya mdogo wangu, Gladness. Kazi ndogo. Kazi ya mtu aliyekaa Chuo Kikuu cha Mlimani miaka mitatu akisoma jiolojia, akarudi Mwanza na shahada yake, akapokelewa na barua za *we regret to inform you*. Ilikuwa mwaka 1994. Soko huria, walisema. Kila kitu ruksa, isipokuwa mimi kuajiriwa.

Lenzi niliipata Geita. Wazungu fulani wa dhahabu walinipa kibarua cha kupiga picha vipande vya mawe, karibu kabisa, mpaka punje ya mchanga ionekane kama jabali. Walipofunga virago wakaniachia hiyo lenzi ya macro badala ya ajira. *Thank you very much.* Nikaihamishia kwenye harusi: pete, shanga za shela, maua ya keki. Watu wakapenda.

Bwana harusi, Josephat, alikuwa mnunuzi wa sangara, tajiri wa ghafla kama wengi wa miaka ile. Mke wake wa kwanza, Wilhelmina, alizama miaka miwili nyuma, mtumbwi ulipopinduka upande wa Busisi. Mwili haukupatikana. Josephat alikuwa akisimulia kwa machozi: ziwa limemchukua mke wangu na pete yake mkononi. Mimi sikuyaamini yale machozi, na nilisema. Nyumbani wakacheka. Baba akaniambia mtu asiye na kazi asimharibie mwenzake bahati.

Josephat alinifungulia, akaweka kiboksi cha pete mezani, akasema anakimbia kanisani mara moja kuonana na katekista. Alifika mlangoni, akageuka.

"Shemeji, pete zisitoke chumba hiki. Na usimpe mtu yeyote."

Nikafunga kamera kwenye stendi, nikaiinamia pete ya bibi harusi. Nikapiga nje, nikapiga ndani, haraka haraka, kwa sababu umeme ulikuwa wa mgao na mwanga wa dirishani ulikuwa unakwisha. Nilikuwa nabonyeza bila kuona vizuri ninachopiga.

Ndipo ikaja harufu.

Matope ya ziwani... magugu yaliyooza... Na madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

"Mwadila," sauti ikanisalimu kutoka nyuma.

Mwanamke alikuwa amesimama na taa ya chemli. Khanga yake ilikuwa imelowa mpaka magotini. Nikadhani ni ndugu wa bwana harusi, kaja kusaidia kupika na kufua. Nikamuuliza, dada, umetoka kufua au kubatizwa? Hakucheka. Akasogeza taa mezani. Mwanga mzuri kweli, sitadanganya.

Sasa, pete iliyolala mezani haina uhai. Sisi huwa tunaivisha kidole chochote kilicho karibu, cha shangazi, cha mpishi. Ukikaribia kiasi hicho nani atajua ni cha nani? Nikamwomba mkono. Akatoa wa kushoto. Ulikuwa wa baridi, unatetemeka, hata pete akashindwa kuishika.

Nikamvisha mimi.

Iliingia bila kukwama. Ikatua kwenye alama nyeupe iliyozunguka kidole, kana kwamba ilivuliwa pale jana.

"Karibu zaidi," akanong'ona.

Nikaweka jicho. Kwa lenzi ile hakuna mtu anayetulia. Kidole cha mtu hai kinacheza, moyo unakisukuma, tik... tik... na wewe unavizia katikati ya pigo na pigo ndipo ubonyeze. Nikavizia pigo.

Nikavizia.

Hakuna.

Ngozi ilikuwa imekunjamana, nyeupe, kama ya mtu aliyeloweka mkono siku nzima. Chini ya kucha kulikuwa na mwani wa kijani. Na kule kutetemeka kulikuwa kumekwisha. Kidole kilitulia... kama yale mawe yangu ya Geita.

Nikabonyeza. Nikainua kichwa.

Taa sasa ilikuwa sakafuni, inawaka. Pembeni yake dimbwi la maji. Mwanamke hakuna. Pete hakuna.

Josephat aliporudi nilijiandaa kuitwa mwizi. Nikamweleza yote: harufu, khanga, mkono. Hakufoka. Alikaa kwenye kochi taratibu.

"Nani alimvisha?"

"Mimi."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

Akashusha pumzi, ndefu, ya mtu aliyetua mzigo. Akanishika bega karibu kwa huruma.

"Basi, shemeji. Umemvisha wewe; mimi hatanifuata tena."

Akasema pete nyingine itapatikana, harusi iko palepale.

Nyumbani nilipoeleza, baba aliuliza nimekunywa nini. Asubuhi studio ya mjini inafunguliwa, mimi niko mlangoni na filamu. Ndoa ilikuwa saa nne. Saa tatu na nusu nilimpa Gladness picha mbili, yeye amekwisha kuvaa shela.

Ya kwanza: pete imesimama hewani, taa nyuma yake. Kidole hakuna.

Ya pili ilikuwa ya ndani ya pete. Pale tupa ilipopita kufuta jina, herufi zilikuwa zimebaki, kubwa kama mitaro: HELMINA.

Mdogo wangu hakufika Mlimani, lakini akili anazo.

"Si alisema amezama nayo?" akauliza. "Nani aliivua?"

Akaanza kuchomoa pini za shela, moja moja.

Josephat alihamia Musoma. Ana mke, ana afya, sangara wanamwendea vizuri. Kifo cha Wilhelmina, wengine wanasema ni mganga, wengine wanasema ni kisu. Polisi waliniambia picha ya pete si ushahidi. Gladness yuko salama, na hilo linanitosha. Karibu linitoshe.

Mimi nimepanga chumba Ilemela, juu mlimani, mbali na maji. Bado sina kazi. Kila magharibi, kabla sijawasha taa, harufu inatangulia. Kisha godoro linabonyea upande wa ukutani, na shuka linalowa... taratibu. Ananyoosha tu mkono wa kushoto, niushike.

Jana niliushika. Kwa mazoea ya kazi, nikavizia pigo.

Lilikuwepo. Dogo... tik... tik.

Nikapeleka vidole shingoni kwangu, kutafuta la kwangu.