Usiitike Kabla ya Mara ya Tatu

Januari, saa kumi na moja kasorobo jioni, Toronto inakuwa imeshaanza kufunga. Theluji ya asubuhi imegeuka tope, taa za barabarani zimewaka, na watu wa St. James Town wanarudi kutoka kazini vichwa chini. Ni saa ambayo mtu mwenye akili zake hukaa ndani. Lakini nguo hazijileti zenyewe. Cherotich alibeba kikapu cha plastiki, akasimama mlangoni.

"Joyline, naenda chini kuchukua nguo. Dakika tano tu. Usifungulie mtu."

"Okay, Mom," mtoto alijibu bila kutoa macho kwenye katuni.

Joyline ana miaka saba, na kazaliwa hapa hapa. Kiswahili anakisikia chote, hata ukimsengenya anajua. Kujibu ndiko kazi. Majibu yake yote hutoka kwa Kiingereza, na mama yake alishachoka kumsahihisha. Jambo moja tu ndilo alilomkazania mpaka likaingia: ukiitwa na mtu mzima, itika hapo hapo. Watoto wa huku huitwa mara tano wakijifanya viziwi, na Cherotich hakutaka wa kwake awe hivyo.

Laiti angejua.

Lifti ilishuka polepole. Cherotich alikuwa roho mkononi, na wala si wezi aliowaogopa. Aliiogopa saa. Hii ilikuwa wiki ya tano, na hii ndiyo saa ambayo ile sauti humwita.

Yalianzia Amsterdam.

Mwisho wa Novemba kaka yake, Shadrack, alipiga simu kutoka Kericho. "Mum ako sawa," alisema, "lakini kuja tu." Mkenya yeyote anayeishi mbali anajua maana ya maneno hayo, na Cherotich, ambaye ni muuguzi, anajua zaidi. Aliomba ruhusa kazini, akamwacha Joyline kwa Masuma, jirani wa mlango wa pili, maana baba yake mtoto alishaondoka zamani na hapo nyumbani wamebaki wawili tu. Akapata ndege ya jioni ile ile. Ila ingetua Amsterdam asubuhi, na hapo angengoja saa tisa nzima kabla ya ndege ya Nairobi.

Kabla ya kupanda alimpigia mama.

"Unapitia wapi?" Sauti ilikuwa nyembamba.

"Amsterdam, Mama. Nitakaa hapo siku nzima."

"Uholanzi!" Kicheko kikageuka kikohozi. "Basi usikae uwanjani kama mzigo. Toka nje uniangalizie kama maua yangu yalifika."

Mama alikata waridi miaka kumi na tisa, katika vile vibanda vikubwa vya plastiki vya kampuni ya maua. Boksi baada ya boksi, yote yalikwenda Uholanzi. Kwenye ukuta wa sebule yake kulikuwa na kalenda ya kampuni, ya mwaka 2009: mfereji, daraja, nyumba nyembamba zimebanana. Mwaka ulikwisha, kalenda haikutolewa. Hata alipoacha kazi, mama alinukia waridi na dawa ya kunyunyizia, harufu mbili zilizoingiana mpaka huwezi kuzitenganisha. Cherotich alikua akidhani hivyo ndivyo akina mama wote wanavyonukia.

Basi alitoka. Akaonyesha pasi yake ya Kanada, akapanda treni, akashinda kutwa akitembea kando ya mifereji, mawazo yako Kericho. Nyumba zilikuwa zile zile za kalenda, nyingine zimeinama kidogo mbele kama zinachungulia majini. Baiskeli zilimpigia kengele kwa hasira. Alicheka mara moja tu, peke yake, katika soko la maua, alipokuta meza nzima ya maua ya mbao. Alijua mama angeuliza haya nayo yalikatwa na nani. Jioni ndipo alipopata ndoo moja ya mawaridi mekundu, maji yakiyatiririka. Aliipiga picha, akaituma kwa simu ya mama.

"Yamefika, Mama."

Tiki moja. Ya kijivu. Haijafika.

Ilikuwa saa kumi na nusu, giza linaingia. Alipanda daraja dogo kurudi stesheni, na alipofika katikati ile harufu ikamjia. Waridi... na dawa.

Ndoo ilikuwa mbali, nyuma kabisa. Watu waliisha darajani. Kengele za baiskeli zilikoma. Maji chini yalikuwa meusi, hayatikisiki.

"Cherotich..."

Ilitoka chini ya daraja. Sauti ya mama, ile ya kumwita kutoka uani chakula kikiwa tayari. Mwili wake wote ulitaka kuitika. Mdomo ulifunguka.

Kisha akakumbuka. Mama huyo huyo, jikoni, miaka mingi nyuma, akimfunga lemba: giza likiingia, ukiitwa na mtu usiyemwona, usiitike. Ngoja aite mara ya tatu. Mchawi huita mara mbili tu. Na anayemwitikia, huondoka naye.

Aliziba mdomo kwa kiganja.

"Cherotich..."

Karibu zaidi. Karibu na sikio. Aliisubiri ya tatu, machozi yakimtoka asijue kwa nini. Akasubiri. Chini kabisa, majini, kitu kilitoa sauti ndogo... kikatulia.

Ya tatu haikuja.

Alikimbia mpaka stesheni bila kugeuka nyuma.

Kesho yake, Kericho, Shadrack alimngojea getini. Macho yalikuwa mekundu.

"Jana," alisema. "Saa kumi na mbili na nusu jioni."

Cherotich akatoa saa mbili za tofauti. Saa kumi na nusu.

"Alikuita," Shadrack alinong'ona. "Mara mbili. Ya tatu pumzi haikutosha. Akabaki tu anaangalia mlango, ni kama anangoja uitike."

Cherotich alikaa chini pale pale getini, kwenye majani mabichi, na koti lake la baridi la Toronto. Walimwinua watu wawili.

Hakumsimulia mtu habari za lile daraja. Angeanzaje? Hata kama ndege ingekuwa ya moja kwa moja asingemkuta mama yake hai, na hilo alilikubali. Lililomkata maini ni lingine. Mama alikuwa amevuka nchi na bahari akiwa na pumzi mbili tu zilizobaki, akazitumia zote kumwita yeye. Neno moja lingetosha. Naam, Mama. Badala yake alijiziba mdomo, akamdhania mamake mzazi ni mchawi.

Aliporudi Toronto, sauti ikarudi naye. Kila jioni, saa ile ya kiza cha kwanza. Mara mbili. Alitamani kuitika, na kila jioni aliwaza mambo mawili yale yale. Akiitika, huenda ataondoka, na Joyline atabaki na nani katika nchi hii? Asipoitika, mama ataita mpaka lini?

Chumba cha kufulia kilikuwa kitupu. Mashine moja ya mtu mwingine ilikuwa bado inasuuza nguo. Maji yalipanda kwenye kioo chake, yakashuka. Cherotich alitoa nguo zake harakaharaka. Soksi. Sare ya kazi. Gauni dogo la Joyline.

Lilinukia waridi.

Na dawa.

Ile mashine ikasimama, maji yamejaa, meusi.

"Cherotich..."

Nyuma yake. Aling'ang'ania kikapu.

"Mama," alinong'ona, lakini kifuani tu, midomo imebanwa. "Mama, nisamehe. Nina mtoto."

"Cherotich..."

Sauti ilikuwa imechoka. Hilo ndilo lililomshinda. Ilikuwa sauti ya mtu aliyesimama mlangoni siku nyingi, na wenyewe wapo ndani. Cherotich aliangua kilio. Akafungua mdomo. Liwalo na liwe, leo ataitika.

Lakini kabla hajatoa neno, harufu ikakatika. Ghafla, kama mtu amefunga mlango. Mashine ikaendelea kusuuza.

Aliacha nguo. Hakungoja lifti; alipanda ngazi ghorofa tisa kwa miguu, akishika ukuta.

Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Joyline alikuwa amesimama kizingitini peku, akiangalia korido tupu.

"Kogo was calling you," alisema. Kogo ndiye nyanya, kwa Kikipsigis. Mtoto alikuwa amemwona kwenye simu tu. "Two times, Mom. You didn't answer." Alionekana kumwonea mama yake haya kidogo. "So I did."

"Umeitika? Joyline! Umesema nini?"

"I said, I'm here, Kogo."

Cherotich alimziba mtoto mdomo kwa kiganja. Alimziba kwa nguvu, akamkumbatia hapo sakafuni, na kiganja hakukitoa mpaka Masuma alipotoka kuuliza kuna nini. Hata akitoe sasa au kesho, lilikuwa limeshasemwa.

Jioni iliyofuata, kimya. Na iliyofuata. Wiki ikapita bila Cherotich kuitwa. Joyline alikwenda shule, akala, akacheka. Hakuumwa popote. Mama yake alimpima joto asubuhi na jioni, akaanza kujidanganya kwamba yamekwisha. Na kilichomshangaza ni kwamba kile kimya kilimuuma kuliko sauti.

Siku ya nane, giza likiingia, alikuwa jikoni anapika ugali.

"Joyline!"

Kimya. Katuni ilikuwa imezimwa.

"Joyline!"

Kimya. Mwiko ulimponyoka mkononi.

"Joyline!"

"Naam, Mama."

Mtoto alikuwa amesimama nyuma yake, karibu sana. Ile harufu ilikuwa kwenye nywele zake.

"Nimekuita mara mbili," Cherotich alisema. "Mbona hukuitika?"

"Kogo amenikataza." Kiswahili kilitoka chote, kimenyooka, na lafudhi ya Kericho. "Amesema giza likiingia nisubiri ya tatu. Huenda si wewe."

Cherotich alipiga magoti ili macho yao yalingane. Alijua angepaswa kuuliza mengine. Yuko wapi. Anamtakia nini mtoto. Lakini lililomtoka ni lile lililomkaa rohoni tangu Novemba.

"Na mimi je? Mimi hajasema kitu juu yangu?"

Joyline alitazama juu ya bega la mama yake, kidogo, kama anayesikiliza.

"Amesema wewe hatakuita tena," alijibu. "Alikuita pale darajani, ukamdhania mchawi."